Nesi akisitasita, mama harudi: barua zenu za chanjo kutoka Lamu na Malindi

Mwezi huu barua zimekuwa nyingi na karibu zote ni za chanjo za watoto, na nilipozisoma zote kwa pamoja nikaona kitu kimoja, wachache sana wanaolalamikia dawa yenyewe, wengi wanamlalamikia anayedunga. Nimechagua nne. Mimi nimefanya kazi kliniki za watoto miaka 26 kabla sijastaafu, kwa hivyo zingine zinanihusu mwenyewe na ntasema.

Shangazi shikamoo. Naishi Langoni hapa Lamu mjini. Nlichelewa wiki mbili kumpeleka mtoto ile kliniki ya wiki 14 manake nlikuwa Matondoni kumuuguza mamangu, sasa nlipofika nesi akaniuliza kwa sauti mbele ya watu wote wewe ulikuwa wapi na huyu mtoto, wamama kama nyinyi ndio mnaotuletea magonjwa. Nkanyamaza. Halafu nkaona anatayarisha sindano tatu, nkauliza zote leo? Mwenzake alokuwa akiandika kitabu akacheka akasema polepole, hata mimi wangu sikumdunga zote siku moja. Shangazi nlikubali mbili, ya tatu nkasema ntarudi, na hii ni wiki ya tatu sijarudi. Kama wao wenyewe wanaogopa mimi nifanyeje?
*Mama wa Langoni*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Kwanza nikutoe hofu ya kuchelewa. Wiki mbili si kitu cha kukufanya uone haya, chanjo haianzi upya hata ukichelewa miezi, inaendelea pale ilipoishia. Chukua kitabu chako cha kliniki ufungue ule ukurasa wa chanjo uangalie penye wiki 14, utaona pamoja na matone ya polio kuna sindano tatu: ile ya magonjwa matano, ya nimonia, na ya polio ya kudunga. Iliyo tupu haina tarehe ndio unayodaiwa, nenda nayo hio hio, usingoje kuitwa.

Sasa zote tatu siku moja. Ile ya magonjwa matano hudungwa paja la kushoto, nayo ni dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib, kidudu kinacholeta homa ya uti wa mgongo na nimonia kali kwa watoto. Nyingine mbili zinaenda paja la kulia, zimeachana kidogo kama upana wa vidole viwili. Hazikupangwa siku moja kwa sababu nesi ana haraka, zimepimwa zikitolewa pamoja na mwili wa mtoto unazibeba, na huyo mtoto wako tangu azaliwe analamba mkono, analamba mkeka, anabusiwa na kila anayeingia nyumbani, vidudu anavyokutana navyo kwa siku moja ni vingi kuliko vilivyo ndani ya hizo sindano tatu. Ukizigawa siku mbalimbali unamliza mara tatu na kila siku unayongoja ni siku ambayo hana kinga. Mwambie nesi unataka umnyonyeshe wakati anadungwa, maumivu yanapungua kweli, nimeona kwa macho yangu watoto ambao hata hawaachi titi. Usiku anaweza kupata joto, paja likavimba kidogo, siku moja au mbili yanaisha. Akikataa kunyonya kabisa, akishtuka degedege, au joto likipita siku mbili, hapo mpeleke hospitali usingoje asubuhi.

Lakini mwanangu kilichonikaa moyoni ni yale maneno mawili uliyoambiwa, la kukukaripia na la kukunong'oneza, manake yote mawili yamefanya kazi moja, yamekurudisha nyumbani na sindano moja imebaki kwenye friji.

Mimi nimewahi kufanya la kwanza. Kulikuwa na mama alokuja na boti kutoka moja ya visiwa vyetu, kitabu cha mtoto amekifunga ndani ya mfuko wa nailoni kisilowe maji ya bahari, mafundo mawili, na mimi foleni imefika mlangoni nikamwambia kwa ukali amepitisha tarehe na afungue haraka. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kwenye lile fundo. Siku ile alidungisha, lakini ya miezi tisa hakuja. Nlimuona tena mtoto akiwa na mwaka na kitu, ana surua, macho mekundu hawezi kuyafungua kwenye mwanga, na mama akanipa kitabu kikiwa ndani ya mfuko ule ule. Hakunilaumu hata neno. Mtoto alipona ila jicho moja likabaki na ukungu. Kwa hivyo wewe rudi, na ikiwa huwezi kurudi kwa yule nesi nenda kituo kingine chochote cha serikali, chanjo hizi ni bure kote na kitabu ni kimoja.

Shangazi salaam aleikum. Sisi tuko Kizingitini. Kwetu dawa ya surua ilikuwa imeisha, mtoto amefika miezi tisa, nkaona bora nimlete Lamu mjini na mamake. Nauli ya boti kwenda na kurudi si mchezo na bahari wakati huu wa kusi unaijua. Tulipofika tukaambiwa leo watoto wa surua ni wawili tu hawawezi kufungua chupa, rudini Alhamisi. Nlikasirika sana, nkaona hawa hawatujali watu wa visiwani. Ni haki hio?
*Baba wa Kizingitini*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Nikueleze kinachotokea nyuma ya ile meza halafu nikujibu kama ni haki.

Chanjo ya surua na rubela inakuja ikiwa ungaunga mkavu kwenye chupa ndogo, nesi anaichanganya na maji yake maalum. Chupa moja kwa kawaida ni ya watoto kumi. Ikishachanganywa ina saa sita tu, zikipita lazima imwagwe, haina dawa ndani ya kuzuia vidudu vingine visizaliane. Ile ya kifua kikuu ya watoto wachanga ni hivyo hivyo, na chupa yake mara nyingi ni ya watoto ishirini. Sasa nesi akifungua kwa watoto wawili anamwaga nane, na mwisho wa mwezi anaandika hesabu, na kuna wasimamizi wanaouliza kwa nini umemwaga dawa nyingi hivi. Nesi anaogopa ile hesabu. Wengi wanafikiri wanailinda dawa ya serikali na wanaamini kabisa wanafanya vizuri, si kwamba wanawadharau, mimi nlifundishwa hivyo na nikafanya hivyo miaka mingi.

Lakini si haki, na hata si sahihi. Msimamo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chupa ya surua ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja aliyefika, kwa sababu mtoto akiondoka huna uhakika atarudi, na dozi nane zilizomwagwa ni bei rahisi kuliko mtoto mmoja mwenye surua kwenye boti. Na nasema boti makusudi. Surua inasafiri kwa hewa, mgonjwa akitoka kwenye chumba vidudu vinaweza kubaki humo mpaka saa mbili, na mgonjwa mmoja huambukiza watu 12 mpaka 18 wasio na kinga. Madrasa moja ya Pate, chumba kimoja, watoto thelathini wamekaa magoti yamegusana, piga hesabu mwenyewe.

Kwa sasa fanya hivi. Usiondoke kwenye kituo kabla hujamuuliza nesi kwa upole, siku gani chupa itafunguliwa kwa hakika, na umwachie namba yako au uchukue ya kituo upige kabla ya kupanda boti. Kisha ongea na mhudumu wa afya ya jamii wa hapo kwenu akusanye watoto wote wa miezi tisa na wa miezi 18, manake dozi ni mbili, ya pili wengi wanaisahau. Mkija watano mmekodi boti moja nauli inagawika na chupa itafunguliwa. Na dispensari yenu waambieni waagize mapema kabla kusi haijashika. Lakini haya yote ni kazi ambayo ilitakiwa ifanywe na sisi wa upande wa meza, wewe uje tu na mtoto. Manesi mnaosoma hapa, mtoto aliyetoka Kizingitini, Faza au Kiunga akifika mbele yenu fungueni chupa. Kama msimamizi atauliza mwambie ndio mwongozo.

Shangazi, mtoto wangu alikuwa na mafua na kikohozi kidogo, si joto, nesi akasema hadungwi mgonjwa nimrudishe akipona. Kila nikimrudisha ana mafua tena! Amefika miezi mitano ana chanjo za kuzaliwa tu. *Umm wa Shela*

Mafua, kikohozi kidogo, kuharisha kidogo, hata joto dogo, si sababu ya kumnyima mtoto chanjo. Anayeahirishwa ni mgonjwa mahututi wa kulazwa, na asiyedungwa tena ni aliyewahi kupata mzio mkali na chanjo ile ile. Hili la mafua ni kosa la kwetu wahudumu na limeenea mno, tunaogopa mtoto akizidiwa usiku tutalaumiwa ni sindano. Mtoto wa miezi mitano pwani yetu hii akingojwa asiwe na mafua atangojwa mpaka aende shule. Mpeleke kesho, mwambie nesi umeambiwa hivi na nesi mwenzake, na ukikataliwa omba kuongea na msimamizi wa kituo.

Shangazi, tafadhali usiandike kituo changu. Mimi ni nesi, niko dispensari moja huku Malindi mwaka wa saba huu. Siku ya kliniki nadunga watoto hata 40. Lakini moyoni nina shaka na sijawahi kumwambia mtu. 2014 nlisikia maaskofu wa Katoliki wakisema chanjo ya pepopunda ya wanawake imetiwa homoni ya kuzuia mimba, nlikuwa msichana mdogo na ile hofu haikuniisha. Halafu 2021 korona, sisi wahudumu tuliambiwa tuwe wa kwanza, hakuna alokaa kutueleza, ilikuwa piga foleni utie sahihi. Nlidungwa nkiwa naogopa kupoteza kazi. Na kwenye simu naletewa kila siku kwamba chanjo ya surua inaleta usonji (autism). Mtoto wangu wa mwisho ana miezi 20 sijampa surua ya pili. Wamama wakiniuliza wako umemdunga? mimi hubadilisha mazungumzo. Naona kama nadanganya watu.
*Nesi wa Malindi*

Dadangu, nimeisoma barua yako mara tatu. Kuna manesi wengi wanaofanana na wewe na hawasemi, kwa hivyo kwanza ahsante.

Hauko peke yako wala si Waafrika tu. Ufaransa, utafiti wa madaktari wa kawaida uliochapishwa 2015 ulikuta kwamba kwa kila chanjo iliyoulizwa, kati ya asilimia 16 na 43 ya madaktari walikuwa hawaipendekezi au wanaipendekeza mara moja moja kwa wagonjwa waliostahili. Madaktari hao. Na 2019 Shirika la Afya Duniani likaweka kusitasita kwa chanjo kati ya hatari kumi kubwa za afya duniani. Kinachonisumbua mimi ni kwamba sisi tunafundishwa pembe ya sindano, joto la friji digrii 2 mpaka 8, namna ya kusoma kile kiboksi kidogo kwenye chupa kinachobadilika rangi dawa ikipata joto, lakini hatufundishwi tukae na swali letu wenyewe. Tunaambiwa tu dungeni.

Basi tukae nayo. Ya 2014: homoni iliyosemwa ni ile ya mimba, na vipimo vilivyotumika kuitafuta kwenye chanjo vimetengenezwa kwa damu na mkojo wa binadamu, si kwa dawa ya chupa, ndio maana majibu yake hayaaminiki. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wote walisema chanjo ni salama. Lakini wewe una ushahidi mwingine ambao maaskofu hawakuwa nao, wale wanawake waliodungwa wewe ndio unawapokea kliniki na mimba zao, unawadunga pepopunda kwenye mimba hii na unakutana nao tena kwenye mimba ijayo. Ya usonji: ilitoka kwa daktari wa Uingereza Andrew Wakefield, 1998, watoto 12 tu, na 2010 jarida lililochapisha likaifuta na yeye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari. Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, matokeo yakatoka 2019, waliochanjwa surua hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa.

Ya korona sikubishii. Kama hamkuelezwa ni kosa, na ukimfanya mtu atie sahihi bila kumueleza umempandia shaka itakayomfuata mpaka kwenye chanjo ya mtoto wake. Yako imekufuata.

Sasa nikuletee la karibu. Hapo Kilifi mjini, kilomita kama 60 kutoka ulipo, kuna kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, tangu 1989 na wamekuwa wakihesabu watoto wanaolazwa mwaka baada ya mwaka. Chanjo ya Hib ilipoingia 2001, ndani ya miaka michache ugonjwa ule kwa watoto chini ya miaka mitano ulipungua asilimia 88. Ya nimonia ilipoingia 2011, maambukizi makali ya aina za vidudu vilivyomo kwenye chanjo yakapungua asilimia 92. Hao ni watoto wa kaunti yako. Wauguzi wakongwe wa pwani watakwambia wodi ya watoto ilikuwaje, mimi nakumbuka watoto wa uti wa mgongo, shingo imekakamaa, kichwa kimevutwa nyuma, na wakipona wengine hawasikii tena.

Na nikwambie habari ya Ali Maow Maalin. Alikuwa mpishi wa hospitali Merka, pwani ya Somalia, bahari ile ile yetu. Kijana wa miaka 23, anafanya kazi hospitalini, na hakuchanjwa ndui, baadaye alieleza mwenyewe kwamba aliogopa, aliona sindano inauma. Oktoba 1977 gari lililobeba watoto wawili wenye ndui likafika, akapanda kuwaonyesha njia, dakika chache tu. Akaugua. Ikabidi watu zaidi ya 50,000 wachanjwe mjini na pembezoni ili isisambae, na haikusambaa, yeye akapona, akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Miaka mingi baadaye alifanya kazi ya kampeni za polio nyumba kwa nyumba, na wazazi wakikataa alikuwa anawaambia habari yake mwenyewe, kwamba na yeye aliogopa. Alikufa 2013 kwa malaria, polio imerudi Somalia na yeye yuko kazini. Sijui mhudumu wa afya aliyetumia hofu yake vizuri kuliko huyo.

Kwa hivyo usiifiche yako. Mama akikuuliza, mwambie ukweli, hata mimi nliogopa, nikauliza, nikajibiwa hivi. Kwenye meza usimwambie utataka au hutaki, sema leo mtoto anapata hizi tatu, halafu nyamaza kidogo umuulize, kuna kinachokutia wasiwasi? Na umsikilize mpaka amalize hata kama foleni ni ndefu, wengi hawachukui hata dakika mbili. Usimkaripie kwa kuchelewa. Angalia pia na wewe kama umemaliza dozi zako tatu za homa ya ini B, wahudumu wengi wanadunga wenzao na wao hawajamaliza.

Kisha mtoto wako. Miezi 20 amechelewa kidogo tu, bado anaweza kuipata. Usimdunge mwenyewe wala usimpeleke kituo chako, mpeleke kwingine wasikokujua, uvae buibui lako kama mama yeyote, ukae kwenye benchi na kitabu mkononi ungoje uitwe, mtoto umempakata, uone inavyokuwa upande ule. Ukirudi niandikie yule nesi alikwambia nini.